Kuweka kizuizi cha muda cha kusimamisha dampa kando ya shimo, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa saiti ambako dampa (kigari cha kubebea udongo chenye beseni la kumwagia mbele), tipa (lori la kumwaga mzigo) au loda (mashine ya kupakia udongo) hufika karibu na ukingo wa shimo au mtaro, na panahitajika kitu cha kuyazuia magurudumu kwa siku au wiki chache. Kizuizi hicho si breki. Kinamjulisha dereva kwamba amefika, na kinashika mashine inayojongea kwa mwendo wa mtu anayetembea, basi. Mashine iliyopoteza breki mteremkoni na kushuka na mzigo wake haisimamishwi na gogo, hata liwe kubwa namna gani.

Mfano wa kufanyia hesabu ni dampa ya kawaida ya kubeba tani 6. Yenyewe ina uzito wa karibu tani 4.5, kwa hiyo ikijaa ni tani 10.5.

Hatua ya 1: Ijue mashine nzito kuliko zote

Andika uzito wake ikiwa imejaa, upana wake, na kipenyo cha tairi kubwa. Tairi la 405/70-20, saizi inayoonekana sana kwenye dampa za ukubwa huu, lina kipenyo cha milimita 1,075. Kutoka chini hadi katikati ya ekseli ni kama sentimita 54. Namba hiyo ya 54 itarudi mara kwa mara.

Kisha amua mwendo. Nguvu ya kugonga haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa maradufu, nishati inakuwa mara nne. Dampa yetu ikienda kilomita 5 kwa saa inabeba kama kilojuli 10, kwa kilomita 10 ni 40, na kwa kilomita 20 zinapita 160. Weka kikomo cha kilomita 5 kwa saa kwenye mita 15 za mwisho, na hesabu zote zinazofuata zichukulie hivyo. Kama huwezi kulisimamia hilo, acha kusoma hapa na umwite mhandisi akuchoree kizuizi kamili.

Hatua ya 2: Umbali kutoka ukingoni

Watu wengi huanza na kizuizi halafu ndipo wanauliza kikae wapi. Anza na mahali. Kizuizi imara kilichowekwa kwenye ukingo unaobomoka kitaingia shimoni pamoja na mashine.

Kwa shimo lisilo na kuta za kushikilia udongo, anza na umbali ulio sawa na kina. Shimo la mita 2, uso wa mbele wa kizuizi ukae mita 2 au zaidi kutoka ukingoni. Kwenye mchanga, udongo uliojazwa zamani, au palipolowana maji, zidisha kwa 1.5, yaani mita 3. Sababu ni kwamba udongo wa aina hiyo hauwezi kusimama kwa mteremko mkali, na kipande kinachoweza kuteleza huanzia mbali na ukingo. Gurudumu likikaa juu ya kipande hicho, ndilo linalokisukuma. Shimo likizidi mita 6, kanuni hii ya kukadiria haitoshi. Hiyo ni kazi ya mhandisi.

Tatizo linajulikana: kwa umbali huo dampa haiwezi kumwaga ndani ya mtaro. Ni kweli, na ndivyo inavyopasa. Mwaga nyuma ya mstari wa umbali huo, kisha ekskaveta au loda isogeze udongo hadi ndani. Inaonekana kama kazi mara mbili, lakini kumwaga moja kwa moja ukingoni ndipo hatari inapokusanyika yote kwa pamoja: beseni likiinuka mzigo unahamia mbele, ekseli ya mbele inabeba karibu kila kitu, na udongo wa kunata ukigoma kutoka, dereva hutikisa mashine kwa kusogea mbele na nyuma akiwa hatua chache kutoka shimoni. Kama ni lazima kumwaga ukingoni, kuta za mtaro zishikiliwe kwa mbao au mabati yaliyokokotolewa kubeba uzito wa mashine, siyo uzito wa udongo tu.

Hatua ya 3: Chagua aina

*Tuta la udongo au kifusi.* Ndilo chaguo langu la kwanza palipo na nafasi. Urefu wake kwenda juu usipungue katikati ya ekseli ya mashine kubwa kuliko zote. Kanuni za usalama wa migodi za Marekani zinataka kipimo hichohicho kwenye barabara zenye ukingo wa hatari. Kwa dampa yetu, jenga sentimita 60 ili baada ya kutulia libaki juu ya 54. Likiwa na upana wa sentimita 30 kileleni na mteremko wa kawaida wa kifusi kilichomwagwa, kitako kinakaribia mita 2, na kila mita 10 za urefu hula kama mita 7 za ujazo. Hilo ni zaidi ya tani moja kwa kila mita. Uzito huo nao unakandamiza ukingo, kwa hiyo umbali wa hatua ya 2 unapimwa hadi kitako cha tuta upande wa shimo.

*Boriti au mataruma ya reli.* Yanafaa pasipo na nafasi ya tuta. Maelezo yako hatua ya 5.

*Bloku za zege.* Nzuri zikiwa nzito na zimefungwa pamoja. Bloku ya sentimita 60 kwa 60 kwa 120 ina uzito wa tani moja hivi. Ikikaa peke yake juu ya udongo mkavu, msuguano wake ni nusu ya uzito huo tu. Kama dampa yetu ikiigonga kwa kilomita 5 kwa saa na msuguano huo ndio pekee unaoizuia, itasukumwa kama mita 2. Kwa hiyo weka bloku mbilimbili au uziunganishe kwa mnyororo, na umbali wa kuteleza uuongeze kwenye umbali wa ukingo.

Kuna kuta za zege za barabarani zenye kitako kipana zinazoazimwa kwa kazi hii. Zimebuniwa kurudisha njiani gari linalozikwaruza kwa upande. Majaribio ya kiwango cha Ulaya cha EN 1317 hufanywa kwa pembe ya kati ya nyuzi 8 na 20. Dampa yako inakuja uso kwa uso, nyuzi 90. Cheti cha jaribio la barabarani hakikwambii lolote kuhusu hilo.

*Vizuizi vya plastiki vya kujaza maji.* Hapana. Vitumie kuonyesha njia na kuwatenga waenda kwa miguu. Vingi hukutwa vitupu baada ya wiki moja, maana kizibo kimeng'olewa au plastiki imepasuka, na kwa macho huwezi kujua.

Hatua ya 4: Andaa ardhi

Sawazisha, shindilia, ondoa matope. Mita 10 za mwisho ziwe tambarare, au ziinuke kidogo kuelekea kizuizi. Kila asilimia 10 ya mteremko wa kushuka inaongeza msukumo wa tani moja kwenye dampa ya tani 10.5. Mkono wa kulia na wa kushoto viwe sawa pia. Tumia pimamaji juu ya ubao mrefu.

Hatua ya 5: Kufunga boriti

Taruma moja lililolazwa ndilo kosa linaloonekana kila mahali. Lina unene wa sentimita 12.5 hivi. Mashine inayokwenda kilomita 5 kwa saa ina nishati ya kuweza kujiinua karibu sentimita 10 nzima nzima, na hapa inayopaswa kuinuka ni ekseli ya mbele tu. Matokeo: gurudumu linapanda na kupita. Lundika mataruma mawili, moja juu ya jingine, yafikie sentimita 25, au tumia boriti ya sentimita 30 kwa 30. Mawili yafungwe kwa boliti za milimita 16 zinazopita yote, kila mita moja, maana misumari inang'oka.

Urefu uwe upana wa mashine na nusu mita au zaidi kila upande. Kwa dampa ya upana wa mita 2.4, kata mita 4.

Boriti ya mita 4 ya saizi hiyo ina kilo 250 hivi. Inasikika kama mzigo, lakini bila kushikiliwa itateleza mbele ya dampa mita kadhaa. Kinachoizuia ni pini:

- Toboa matundu manne, la kwanza sentimita 40 kutoka kila mwisho, mengine mawili yagawe nafasi iliyobaki.
- Tumia nondo ya milimita 32, urefu mita 1.2: sentimita 30 ndani ya mbao, 90 ardhini.
- Kabla ya kugonga hata pini moja, hakikisha hakuna nyaya wala mabomba chini. Mengi hulazwa ndani ya sentimita 90 hizo.
- Chonga kishimo ili kichwa cha pini kizame. Pini iliyochomoza hutoboa tairi. Chomelea nati kubwa kichwani upate pa kutia ndoano siku ya kung'oa.

Pini ikizama kwa mapigo machache ya nyundo ya mkono, udongo ni laini mno na haitashika. Usiongeze pini. Rudi kwenye tuta, au jaza kifusi kilichoshindiliwa nyuma ya boriti.

Boriti ilalie njia ya mashine kwa pembe mraba kamili, magurudumu yote mawili yaiguse kwa wakati mmoja. Likigusa moja tu, dampa inayojikunja katikati hugeuka upande huo, na ikiwa na beseni lililojaa hapo ndipo inapoanza kulala. Pima kwa kamba: kutoka alama moja katikati ya njia hadi kila mwisho wa boriti, vipimo viwe sawa.

Hatua ya 6: Uso wa mbele, na jinsi unavyogeuka kuwa ngazi

Hapa ndipo vizuizi vizuri hufa, na hufa polepole. Kila dampa inapomwaga, udongo kidogo hubaki mbele ya kizuizi. Matairi yanaukanyaga, mvua inaulainisha, jua linaukausha. Baada ya zamu chache boriti ya sentimita 30 imebakiwa na 12, na mbele yake kuna mteremko ulioshindiliwa vizuri kuliko barabara ya saiti. Dereva haoni tofauti, kwa sababu alichozoea ni ule mguso mdogo wa tairi. Siku mguso unapokosekana anaendelea kwenda.

Urefu wa kizuizi si unene wa mbao. Ni kutoka pale tairi linapokanyaga hadi kilele. Kama ni sentimita 54, gurudumu linalosukumwa tu haliwezi kupanda. Ukishuka hadi nusu yake, 27, msukumo unaohitajika ni kama mara 1.7 ya uzito ulio juu ya gurudumu. Ukishuka hadi sentimita 5 na nusu, nusu tu ya uzito huo inatosha, na dampa inayoendesha magurudumu yote manne inaipata bila kuunguruma.

Kwa hiyo:

Paka mstari mwekundu kwenye uso wa mbele wa boriti, sentimita 5 juu ya ardhi. Mstari ukifunikwa, kazi inasimama na mbele panakwanguliwa. Mstari unafanya kazi kuliko agizo la "safisha kila siku", kwa sababu mtu yeyote anauona. Kwangua kwa sepeto au kwa ndoo ya ekskaveta, mita 1 yote ya mbele, hadi ardhi ngumu ya mwanzo. Usichimbe chini ya hapo: kishimo mbele ya boriti kinakusanya maji na kulegeza pini.

Tuta lina ugonjwa wa namna yake. Uso unaotazama mashine uwe mkali kadiri udongo unavyokubali. Buldoza ikilisawazisha "lipendeze", limekuwa daraja. Kifusi chenye mawe hukaa vizuri. Udongo laini uliokauka hushuka, na mvua kubwa moja inaweza kula theluthi ya kimo. Pima kwa fimbo iliyotiwa alama ya sentimita 54 kila asubuhi, na tena baada ya mvua.

Kizuizi kilichowekwa juu ya changarawe tupu hukutwa na kinyume chake: magurudumu yanachimba, tairi linashuka, na beseni linaanza kugonga boriti kabla ya tairi. Jaza na ushindilie upya.

Hatua ya 7: Kionekane

Beseni lililojaa humficha dereva wa dampa kila kilicho chini mbele yake. Simamisha milingoti ya mita 2 kila mwisho wa boriti, yenye rangi mbili na vibandiko vya kuakisi mwanga. Kwa tipa inayorudi nyuma, milingoti ikae nje kidogo ya upana wake, ionekane kwenye vioo vyote viwili. Mtoa ishara asimame pembeni, upande wa dereva. Asisimame kati ya mashine na kizuizi hata kwa sekunde.

Hatua ya 8: Jaribu

Jaribu kabla shimo halijachimbwa. Kama tayari lipo, weka kizuizi kilekile kwenye udongo uleule mbali na shimo. Piga alama za rangi ardhini kwenye ncha zote mbili za boriti. Dampa ije tupu kwa mwendo wa kutembea, kisha ije imejaa. Boriti ikisogea zaidi ya sentimita 5, au pini ikiinama, haijapita. Alama hizo ziache. Ndizo utakazozitazama kila zamu ikianza.

Hatua ya 9: Kuhamisha mtaro unaposonga

Kizuizi kipya kiwekwe na kujaribiwa kabla ya kuchimba kipande kinachofuata, na cha zamani kiondolewe baada ya mtaro kufukiwa. Andaa seti mbili za boriti. Saiti yenye seti moja itafika saa ambapo shimo liko wazi na boriti iko juu ya gari.

Mashine zinazoegeshwa usiku zisiachwe zikitegemea kizuizi hiki. Breki ya mkono, beseni chini, ufunguo utolewe, na kwenye magurudumu ziwekwe kabari zenye kimo cha robo ya kipenyo cha tairi, yaani sentimita 27 kwa dampa yetu. Pakiwa na mteremko, zigeuze kuelekea kwenye ukuta wa udongo.