Kulisoma neno la kitabibu kwa mizizi yake ya Kigiriki

Ukiweza kulikata neno "hawatasoma" kuwa ha-wa-ta-som-a, unaweza kuikata istilahi ya kitabibu. Nayo imeungwa kwa vipande, ila vipande vyenyewe ni vya Kigiriki.

Anza mkiani. Mwisho wa neno ndio unaosema kuna nini, na mzizi unasema ni wapi. Anayeanza kwa kukariri orodha ndefu ya viungo huchoka mapema, ilhali miisho michache tu hufungua mamia ya maneno. -itisi ni kiungo kilichovimba, kikapata joto na kuuma. -aljia ni maumivu. -skopia ni kuchungulia ndani kwa chombo. -emia ni hali ya damu, kutoka haima.

Kisha tafuta mzizi: kardia ni moyo, nefros ni figo, gaster ni mfuko wa chakula, enteron ni utumbo, osteon ni mfupa, arthron ni kiungo cha mifupa. Ini ni hepar, lakini Wagiriki waliposema "ya ini" walisema hepatos, na ndiyo sababu kuna t katika hepatitisi. Ngozi nayo ni derma, dermatos. Kwa hiyo kariri umbo la pili, maana ndilo linalozaa istilahi.

Kati ya vipande huingia o ya kuunganishia: gastr-o-skopia. Kipande kinachofuata kikianza na irabu, o huanguka: gastr-itisi. Viungo viwili vikitajwa pamoja, o hubaki hata mbele ya irabu: gastr-o-enteritisi, yaani mfuko wa chakula na utumbo kwa pamoja.

Miisho ya upasuaji isomwe kwa utulivu, kwa sababu herufi moja au mbili hubadili hatima ya kiungo. Gastrotomia ni kuupasua mfuko wa chakula. Gastrektomia ina ek, "nje", hivyo mfuko wote au sehemu yake huondolewa. Gastrostomia ina stoma, "mdomo": hapo huachwa tundu la kupitishia mpira wa chakula. Hatari kama hiyo imo mwanzoni mwa neno pia: hiperglisemia ni sukari kuzidi kwenye damu, hipoglisemia ni sukari kupungua mno, na tiba zake zinapingana.

Mzizi mmoja unaowatatiza wengi ni myelos. Maana yake ni uboho, lakini waganga wa kale waliuita uti wa mgongo (si mifupa yenyewe, bali ule uti laini wa neva uliomo ndani yake) kwa jina hilo hilo, kwa kuwa nao umo ndani ya mfupa. Ndiyo maana osteomielitisi ni ugonjwa wa mfupa na uboho wake, na poliomielitisi, ile polio tunayoijua, hushambulia sehemu ya kijivu ya uti wa mgongo. Polios ni kijivu. Usiuchanganye na mys, msuli.

Usishangae pia figo ikiwa na majina mawili. Sehemu za mwili mara nyingi huitwa kwa Kilatini, magonjwa kwa Kigiriki. Ateri ya figo hutajwa kwa ren ya Kilatini, lakini figo ikiugua ni nefritisi.

Mwisho, mzizi hueleza walichodhani watu wa kale, na si lazima walikuwa sahihi. Arteria kwao lilikuwa neno la mrija wa hewa pia, kwani katika maiti ateri zilionekana tupu, wakaamini hupitisha pumzi. Vivyo hivyo -oma: mara nyingi ni uvimbe, kama lipoma, uvimbe wa mafuta, ila glakoma na trakoma ni magonjwa ya macho yasiyo na uvimbe wa saratani, na hematoma ni damu iliyovilia tu. Ukiiona -oma, angalia kwanza mzizi ulio mbele yake kabla ya kumtia mtu hofu.