Jinsi ya kutengeneza jina la filamu la dhahabu kwenye After Effects lisifanane na samli

Kazi yangu ya kwanza ya jina la dhahabu, mteja aliiangalia kama sekunde tatu hivi afu akaniuliza, "Kaka, mbona kama samli?" Iliniuma ila alikuwa sahihi, nilikuwa nimepaka njano tu. Chukua kijiko cha chuma ukigeuze geuze chini ya taa, utaona sehemu kubwa ni kijivu na nyeusi, halafu kuna mstari mmoja mwembamba mweupe unaokimbia kila ukisogeza mkono. Ule weusi ndo unaokifanya kionekane chuma. Ukishika hilo mengine yote ni kubonyeza tu.

Mfano wetu ni UPANGA WA NG'AMBO, mambo ya majoka na wafalme. Efekti zote zinakuja na programu yenyewe, hamna plagini ya kununua. Wa Mac, kila nikisema Ctrl wewe bonyeza Cmd.

Hatua ya 1. Ctrl+N ufungue komposisheni (ukurasa wa kufanyia kazi), weka 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, urefu sekunde 10. Kabla hujaendelea shuka chini ya paneli ya Project, shika Alt ubonyeze pale palipoandikwa 8 bpc (biti za kila rangi) iwe 16, maana ukibaki na 8 mwanga wetu utatoka na mistari mistari kama ngazi.

Hatua ya 2. Andika kwa fonti ya Cinzel Bold, ni ya bure ipo Google Fonts. UPANGA juu saizi 260, WA NG'AMBO chini saizi 150, rangi nyeupe, na ziwe leya mbili tofauti (sababu inakuja). W na A zinaachiana nafasi mbaya kwahiyo zisogeze kwa mkono. Ukiridhika, kila leya ifungie kwenye komposisheni yake kwa Ctrl+Shift+C. Usiruke hii, efekti tutakayotumia inaisoma leya kabla hujaisogeza wala kuikuza, sasa usipoifungia utashangaa chuma kiko kule maandishi yako huku.

Hatua ya 3, chuma chenyewe. Ctrl+Y upate solidi (leya tupu ya rangi moja), weka efekti ya Fractal Noise. Toa tiki kwenye Uniform Scaling, upana 400, urefu 60, Contrast 180, Brightness kama -15 hivi. Shika Alt ubonyeze alama ya saa iliyo kando ya Evolution uandike time*40 ili kitembee polepole. Utaona kama moshi uliolala, wenye weusi mwingi. Ifungie nayo, iite CHUMA, afu ibonyezee Ctrl+D uwe nazo mbili, moja kwa kila mstari wa maandishi.

Hatua ya 4 ndo kazi ilipo, usiwe na haraka. Kwenye CHUMA ya kwanza weka CC Blobbylize, Blob Layer chagua UPANGA, Property iwe Alpha (sehemu ya leya isiyo wazi), halafu zima macho ya leya za maandishi. Softness anza na 5. Cut Away ishushe mpaka herufi zirudi unene wake, inakula kingo kama panya. Kwenye Shading weka Specular 70, Roughness 0.03, na Metal 100. Hiyo Metal watu wanaipita tu bila kuigusa: ikiwa 0 mng'ao unachukua rangi ya taa, unapata plastiki, ikiwa 100 unachukua rangi ya leya yenyewe, unapata chuma. CHUMA ya pili fanya hivyohivyo kwa WA NG'AMBO ila Softness 2, maana herufi ndogo ukizipa 5 zinayeyuka kama sabuni.

Na hapa angalia ile apostrofi ya NG'. Efekti huwa inaila yote, unarenda, unatuma, watu wanasoma NGAMBO. Rudi ndani ya maandishi, ichague yenyewe tu, ikuze mpaka 200, ishushe kidogo kwa Baseline Shift. Imeshanikuta, mabango yalikuwa tayari yameprintiwa.

Hatua ya 5, rangi. Hii na hatua ya 6 zifanye kwenye CHUMA zote mbili. Curves kwanza, ivute iwe kama S, weusi ushuke kweli. Chini yake weka Tritone: mwanga FFF1C9, kati B8862F, kivuli 1A0D05 (hizo ni namba za rangi). Ukitaka chuma cha upanga badala ya dhahabu, kati weka 7C8794 na kivuli 0A0D12. Kama mkono unakuwasha kuongeza njano, acha, ongeza kivuli.

Hatua ya 6. Chini ya Tritone weka CC Light Sweep. Ikikaa juu ya Tritone mwanga wake nao utapakwa rangi, utapoa. Direction 20, Width 60, Sweep Intensity 40. Center ipe kiifremu (alama ya kushika thamani kwa wakati fulani) sekunde ya 2 ikiwa nje ya skrini kushoto, nyingine sekunde ya 4 nje kulia, chagua zote bonyeza F9 mwendo ulainike. Mpito mmoja unatosha jamani, sio disko. Mwisho weka Glow, Threshold 75, Radius 40, Intensity 0.3.

Leya za CHUMA zote zikue kutoka asilimia 100 mpaka 106 kwa sekunde zote 10, ila ziunganishe na Null moja (leya isiyoonekana ya kuburuta nyingine) uikuze hiyo, ili mistari yote miwili ikue pamoja. Nyuma weka solidi nyeusi, juu yake nyingine yenye Fractal Noise uliyoipaka bluu kwa Tritone, Opacity 25, na Noise asilimia 2 juu yake ili video isitoke na mistari ikishabanwa.

Kurenda (kutoa video iliyokamilika): ya kuposti toa H.264. Mhariri akitaka kuiweka juu ya picha zake, zima ile nyuma umpe ProRes 4444 ya RGB + Alpha (video yenye uwazi nyuma), na umwambie mapema faili litakuwa zito asije akakuomba umtumie WhatsApp.