Vespa ya zamani Malindi, usiiache iliwe na chumvi

Ukipata skuta ya Vespa ya zamani hapa Malindi, kabla hujashika spana inua kwanza ule mpira wa miguuni uangalie chini yake, manake maji ya chumvi hujificha hapo na kutu inakula pole pole, yangu nilibonyeza kidole kikapita mpaka chini, roho iliniuma sana. Na hii si kama bodaboda yenye fremu ya mabomba, Piaggio waliitoa Italia 1946 na bodi ya bati ndo fremu yenyewe, aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa injinia wa ndege, kwa hivyo bati likioza chombo kimeoza.

Sasa osha na maji matamu, ya kisima cha chumvi achana nayo kabisa, anika jua mpaka ikauke, piga msasa bati ling'ae ndo upake rangi ya kuzuia kutu. Matundu yachomelewe, usizibe na puti tu. Kebo zote girisi.

Petroli nayo, Vespa ya aina ya PX isiyo na tangi la oili unachanganya mwenyewe, lita 5 kwa mililita 100 za oili ya tu-stroki, tikisa dumu vizuri kabla hujamimina.