SOMO: Friji na hita ya maji kwa sisi wa nchi ya baridi, piga hesabu kwanza

Wakuu, salaam. Kila baridi ikianza Mbeya naulizwa lile lile: "Friji gani nzuri, hita gani nzuri, na bei gani?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nashusha somo hapa. Atakayeniuliza tena namrudisha huku.

1. Andika unavyovihitaji, kisha kata nusu. Blenda itasubiri.

2. Bei ya Kariakoo, Dar, usiilinganishe na ya Mwanjelwa, soko letu la Mbeya, kavukavu. Ongeza gari la mizigo, kirikuu cha kukufikishia nyumbani, na wasiwasi wa kupanda mlima Kitonga njiani.

3. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na kadi ya waranti yenye muhuri. Muuzaji akizungukazunguka, ondoka.

4. Hesabu LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hujatoa pesa bado. Wati mara saa, gawa kwa 1,000, hizo ndizo uniti. Chukua hita ya bombani ya wati 5,500. Watu wanne, kila mmoja dakika 10, ni kama uniti 3.7 kwa siku, yaani 110 kwa mwezi. Hujawasha hata taa. Aliye kwenye tarifa ya matumizi madogo ananunua uniti kwa takribani shilingi 122 kodi zikiwemo, lakini mwisho ni uniti 75 kwa mwezi. Ukizoea kuvuka hapo unahamishiwa tarifa ya kawaida, ambako uniti ni kama 356, na taa, pasi na TV vinapanda bei pamoja na hita. Uniti 110 huko ni zaidi ya elfu 39. Hita uliyoinunua elfu 80 inakula bei yake kila baada ya miezi miwili.

5. FRIJI. Hapa soma polepole. Nyuma au ubavuni kuna kibandiko chenye herufi za hali ya hewa. SN ni friji ya chumba chenye nyuzi 10 hadi 32, N ni 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, T ni 16 hadi 43. Muuzaji atakusifia T kwamba "inahimili joto". Joto lipi, Njombe, mwezi wa saba? Friji nyingi za bei nafuu zenye milango miwili zina kipima joto kimoja tu, nacho kipo sehemu ya chini. Chumba cha jiko kikishuka chini ya nyuzi 16, kipima joto kinaona huku chini pamepoa vya kutosha na kompresa inalala. Friza ya juu haina wa kuitetea. Asubuhi unakuta nyama imelegea na damu inachuruzika mlangoni, unabeba friji kwa fundi ukidai gesi imeisha. Fundi mwenye njaa atakujazia gesi kweli, na utalipa.

Kwa hiyo: tafuta SN, au SN-T inayobeba zote. Usiweke friji stoo ya nje wala kwenye baraza. Na usikimbilie kuzungusha namba za kipima joto hadi mwisho, utagandisha mchicha huku chini.

6. Friji isafirishwe ikiwa imesimama. Ikilazwa, isimamishe hadi kesho yake ndipo uwashe, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Frijigadi ni lazima. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, inaichelewesha friji dakika chache.

7. Mkopo wa duka: zidisha. Taslimu 650,000, au kianzio 150,000 na 70,000 kwa miezi 10, jumla 850,000. Hiyo laki mbili ni ya nini? Cheza kikoba, subiri uuze viazi.

MASWALI

Dogo wa Uyole: Somo zuri mkuu. Sasa friji gani nzuri na bei gani?

Mleta somo: Hatua ya 5.

Dogo wa Uyole: Ndefu mkuu, nipe jina tu.

Mleta somo: Nenda dukani, watakupa jina haraka sana.

Mzee wa Kabwe: Unatisha watu bure. Nina hita mwaka wa pili na LUKU ya elfu 20 inanitosha.

Mleta somo: Nyumbani mko wangapi mzee wangu?

Mzee wa Kabwe: Mimi na mama. Tunaoga chapchap, dakika tano.

Mleta somo: Basi ni uniti 27 na ushei kwa mwezi. Hesabu ni ile ile, watu ndio tofauti. Sijasema hita ni mbaya.

Mama Makambako: Kaka habari. Friji inawaka na kuzima yenyewe, sasa saa zake nazihesabuje?

Mleta somo: Dada, swali zuri hilo. Usihesabu saa. Tafuta kibandiko cha matumizi ya umeme kwa mwaka, gawa kwa 12. Kikisema 240, ni uniti 20 kwa mwezi. Kama hakipo, usiku zima kila kitu ibaki friji, soma mita, soma tena asubuhi. Gawa kwa saa zilizopita, zidisha kwa 24, hayo ni makadirio ya siku nzima. Kisha ongeza kidogo, kwa sababu mchana mlango unafunguliwa na jiko lina joto. Ukikwama niandikie, tutapiga wote.

Mdau wa Mafinga: Na hita ya sola?

Mleta somo: Kununua ni ghali, ila baridi yetu inakuja kiangazi, jua lipo. Kwa familia kubwa ningeanza na hiyo.

Mdau wa Mafinga: Tukiwa huku huku, sufuria la presha la umeme je? Maharage yananimalizia mtungi wa gesi.

Mleta somo: Hilo nunua hata kesho. Huku juu maji yanachemka kabla ya nyuzi 100, Mbeya mjini ni kama 94, ndiyo maana maharage yanagoma. Presha inapandisha joto hilo. La wati 1,000 halifanyi kazi muda wote, kwa hiyo saa nzima halimalizi uniti moja.

Mama Makambako: Nalowekaga usiku, yanaiva upesi zaidi. Ila usijaze kupita nusu ya sufuria, povu linaziba kale katundu ka mvuke.