Jinsi ya kuomba jalada la zamani la mirathi na kumbukumbu za mashamba, Lindi na Mtwara

Ukitaka kujua mikorosho ya babu iligawanywaje, usikimbilie Dar es Salaam. Anza na wazee wa ukoo: nani alikuwa msimamizi wa mirathi, mwaka gani, mahakama ipi. Mirathi ya sheria ya Kiislamu au ya kimila, ambayo ndiyo mingi huku kwetu, kwa kawaida ilifunguliwa mahakama ya mwanzo.

Mwandikie barua hakimu mfawidhi. Taja marehemu, msimamizi, mwaka, namba ya shauri kama unayo, undugu wako na marehemu na sababu ya kuomba. Ambatisha nakala ya kitambulisho na ya cheti cha kifo. Kinachokwamisha wengi ni majina: Selemani wa kijijini ni Suleiman jaladani, na mtaani wanamjua kwa jina la utani tu. Andika yote matatu, karani apate pa kushika.

Usiombe uamuzi peke yake. Omba Fomu Na. 5, yenye mali na madeni, na Fomu Na. 6, yenye hesabu za mgawanyo. Mashamba na minazi utaikuta humo. Fomu hizo zimetokana na kanuni za 1971, kwa hiyo jalada la kabla ya hapo lisome ukurasa kwa ukurasa. Lipia kwa namba ya malipo utakayopewa, tunza risiti, na hakikisha nakala imegongwa muhuri wa mahakama. Fotokopi tupu itakuangusha kwenye mgogoro wa ardhi.

Kama babu alikuwa manamba kwenye mkonge na unataka habari za shamba lenyewe, hapo sasa nenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na barua ya utambulisho. Nyaraka za serikali kwa kawaida hufunguliwa zikitimiza miaka 30.

Ukiulizia "Mkoa wa Lindi" wa 1965 hutapata kitu, kwani Lindi ilitengwa na Mtwara mwaka 1971. Enzi za Mwingereza kote huku kulikuwa Jimbo la Kusini. Karanga za Nachingwea, yaani ule mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, zitafute kwa jina la Overseas Food Corporation, shirika lao lililoushika mwaka 1948. Mkonge nao una majina mawili: mashamba mengi yalitaifishwa 1967, basi omba faili za kampuni ya awali na za shirika la umma lililoyarithi.