Somo: Kumtunza mtoto mwenye pumu ya ngozi katika joto la Dar es Salaam

Ninaandika somo hili kwa sababu nimechoka kujibu swali lile lile kila wiki, la nini apakwe mtoto mwenye pumu ya ngozi, tena mara nyingi kwa mzazi ambaye ameshampaka mtoto vitu vitano kabla ya kuuliza. Mimi si daktari. Ni mama wa mtoto wa miaka 4 ambaye pumu ya ngozi ilimwanza mashavuni akiwa na miezi 5, kisha ikahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, kama ilivyo desturi yake kwa watoto wanaokua. Wengine huuita ukurutu. Hauambukizi, na jina la pumu halikuja bure, kwani ugonjwa huu mara nyingi huandamana na pumu ya kifua na mafua ya mzio katika ukoo mmoja.

Ngozi ya watoto hawa ni kama ukuta usiopigwa lipu: unyevu unatoka, na sabuni, vumbi na jasho vinaingia. Kazi yetu ni kuipiga lipu kila siku, hata zile siku ambazo inaonekana nzuri.

Hatua ya 1. Hakikisha kwanza kituo cha afya kimethibitisha kwamba ni pumu ya ngozi. Usiichanganye na upele wa kuambukiza (skebi), ambao huwasha zaidi usiku, hupenda katikati ya vidole, na kwa kawaida wengine nyumbani nao huwa wanajikuna. Kwa pumu ya ngozi, kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu wa picha za vitabuni. Tafuta weusi uliokolea, rangi ya zambarau au ukijivu, na vijipele ambavyo kiganja huvihisi kabla ya macho kuviona.

Hatua ya 2. Kata kucha za mtoto, na zako pia.

Hatua ya 3. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, kwa sabuni isiyo na manukato, na usimsugue kwa dodoki. Usitie dawa ya kuua vijidudu kwenye maji. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, mmalizie kwa makopo mawili ya maji baridi, yaani yasiyo na chumvi (wa Pwani mnanielewa, sisemi maji ya friji).

Hatua ya 4. Mkaushe kwa kumgandamiza taulo taratibu, kisha mpake mafuta ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu yanatosha. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole, na upake kwa kufuata ulalo wa malaika, yaani vinyweleo vya mwilini. Mtoto ambaye ngozi yake ni kavu mwili mzima anaweza kumaliza gramu 250 kwa wiki. Ukiona kopo dogo linakukalia mwezi mzima, basi hupaki, unagusisha. Kuanzia Desemba hadi Machi, mgando mzito mchana humfukutisha mtoto, kwa hiyo sisi hutumia krimu mchana na mgando usiku.

Hatua ya 5. Dawa ya steroidi, yaani ya kupaka ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi. Hapa ndipo nilipoharibu, naomba msome polepole. Mwanangu alipokuwa na mwaka mmoja, daktari alituandikia haidrokotisoni ya asilimia 1. Kwa woga nikawa napaka chembe ndogo kama punje ya mchele, siku mbili, kisha naacha, na ugonjwa unarudi. Nikaamua kwamba dawa ni dhaifu. Duka moja la dawa likaniuzia, bila cheti, tyubu ya krimu ya mchanganyiko yenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki ndani yake, na kwa kuwa siku ya tatu mashavu yalikuwa laini kabisa, niliendelea kuipaka usoni kwa wiki saba. Majirani walimsifia kwamba anang'aa na anazidi kuwa mweupe, nami nikafurahi nao. Asubuhi moja, nikimnyonyesha karibu na dirisha, niliona ngozi ya shavu imekuwa nyembamba na inameta kama ganda la ndani la kitunguu, na vijishipa vinaonekana chini yake. Nilipoacha, uso ulilipuka vibaya kuliko mwanzo. Daktari wa ngozi aliniambia kwamba ule weupe uliosifiwa ulikuwa ni dawa inayomdhuru, na kwamba baadhi ya krimu za mkorogo zina steroidi za aina hiyo hiyo.

Kwa hiyo zingatieni. Steroidi si sumu ikiwa ni ile uliyoandikiwa, kwa sehemu uliyoelekezwa na kwa siku ulizopewa. Usipake kali usoni, machoni, wala kwenye eneo la nepi kwa uamuzi wako. Usipake kidogo kwa woga pia: kamua mstari kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo cha kwanza, ambao ni takribani nusu gramu, nao unatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Acha kama nusu saa kati ya dawa na mafuta.

Hatua ya 6. Mvalishe pamba, suuza nguo mara mbili sabuni ya unga iishe, fua mitumba kabla ya kuvaliwa, na udi ufukizwe chumba asichokuwemo.

Hatua ya 7. Ukiona magamba ya rangi ya asali au usaha, nenda kituoni. Ukiona malengelenge madogo mengi yanayouma, pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Maswali ya wanachama

Mama Twins: Dada, naomba jina la krimu iliyomlainisha kwa siku tatu.

Jibu: Hatua ya 5. Soma tena, safari hii hadi mwisho.

Kaka wa Tabata: Mbona mnawatisha watu? Bibi yangu alitulea kwa majani ya mwarobaini na hakuna aliyekufa.

Jibu: Sikusema mtu atakufa. Nimesema ngozi iliyochubuka huchomwa na vitu vingi, na maji ya majani hayana kipimo. Bibi apewe shikamoo yangu.

Baba Nasra: Tumeshauriwa tumwachishe mayai, samaki na maziwa. Ana miaka miwili na anapungua uzito. Je, ni sahihi?

Jibu: Ahsante kwa kuuliza kabla ya kuendelea, Baba Nasra. Watoto wengi wenye pumu ya ngozi hawasumbuliwi na chakula. Wa kuchunguzwa ni yule ambaye muda mfupi baada ya kula anavimba midomo, anatapika au anatoka vipele vya kuvimba; huyo apelekwe kwa daktari. Kumnyima mtoto mayai, samaki na maziwa kwa kubahatisha kunamwachia njaa pamoja na muwasho. Kwa kuwa ameanza kupungua, mpeleke kliniki wiki hii pamoja na kadi yake, na uandike kila anachokula.

Mgeni wa Moshi: Sisi tulio mbali na Muhimbili tufanyeje?

Jibu: Ninyi ndio wenye bahati. Hapo kwenye hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi, tangu 1992. Ombeni rufaa.

Bi Mwajuma: Mafuta ya nazi je? Na zile shuka zinazoganda mafuta mnazifuaje?

Jibu: Shikamoo Bi Mwajuma. Mafuta ya nazi safi yasiyotiwa harufu huwafaa baadhi ya watoto. Jaribu kwanza kwenye mkono kwa siku chache. Ya zeituni mimi niliyaacha, kwa kuwa yanaweza kuidhoofisha ngozi hii zaidi. Shuka ziloweke kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kufua, ingawa mafuta hayatoki yote. Kitambaa kilicholowa mafuta haya hushika moto upesi na huwaka kwa kasi, kwa hiyo umeme ukikatika usiweke mshumaa karibu na kitanda cha mtoto, na asisogelee jiko la mkaa akiwa na fulana aliyolala nayo.

Bi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Basi ile fulana ya usiku nitamvua kabla sijawasha jiko la chai.