Kutoka kuchora peke yako hadi picha yako kutundikwa: namna ya kutumia chama cha wachoraji wa rangi za maji

Wengi wetu tunaochora kwa rangi za maji tunachora peke yetu, mezani, usiku watu wakishalala, alafu picha zinaishia kwenye droo. Mimi nilikaa hivyo miaka kadhaa kabla sijahudhuria mkutano wa chama, na nikikumbuka muda ule roho inaniuma kweli, sababu kitu nilichohangaika nacho mwaka mzima nilikuja kukielewa ndani ya saa moja nikiwa nimekaa mstari wa mbele naangalia mikono ya mtu mwingine. Kwa hiyo naandika hii kwa ajili yako wewe unayejua kuna chama karibu ila unasitasita, au umeshajiunga lakini hujawahi kupeleka kazi kwenye maonyesho ya kanda kwa kuona hujafika.

Kwanza toa hofu ya kujiunga. Vyama vingi vina ngazi mbili. Kuna mwanachama wa kawaida, huyo analipa ada ya mwaka na basi, hakuna anayempima. Alafu kuna ngazi ya juu, ya wale ambao kazi zao zimeshapitishwa, mara nyingi baada ya kukubaliwa kwenye maonyesho ya chama mara kadhaa, na hao ndo wanaruhusiwa kuandika herufi za chama baada ya jina lao, ndo maana unakuta mtu anasaini RWS au AWS. RWS ni Royal Watercolour Society ya London, ilianzishwa 1804 na wachoraji waliochoka kuona rangi za maji zinawekwa pembeni ili picha za mafuta zipate ukuta mzuri, mwaka uliofuata wakafanya maonyesho yao wenyewe. AWS, yaani American Watercolor Society ya New York, ni ya 1866. Chama chako kidogo kinaendeshwa kwa mtindo ule ule: mikutano, mafunzo, maonyesho ya kila mwaka yenye jaji. Wewe anza ngazi ya kawaida, na kabla hata hujalipa omba kuhudhuria mkutano mmoja kama mgeni, wengi wanaruhusu.

Kwenye mikutano karibu kila mara kuna demo, yaani mchoraji anachora mbele yenu, sa nyingine kamera inawekwa juu ya meza yake ili wote muone. Kosa ambalo karibu kila mgeni analifanya ni kuangalia picha inavyotokea. Picha utaiona mwishoni! Angalia paleti, yaani kibao anachochanganyia rangi, na kitambaa. Angalia anafuta brashi mara ngapi kabla haijagusa karatasi, rangi yake ni nzito kama krimu au nyepesi kama chai, na zaidi ya yote angalia muda anaokaa bila kufanya kitu, manake rangi za maji kwa sehemu kubwa ni kusubiri.

Hili la kusubiri nalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndo lililonifungua macho mimi. Ukishalowesha karatasi inamisha kichwa mpaka mwanga wa dirisha ugonge juu yake. Kama inang'aa kama kioo, maji bado yamesimama juu, na rangi utakayoweka itakimbia kila upande. Mng'ao ukififia ukabaki mwepesi kama wa hariri, hapo ndo penyewe, rangi inasambaa kidogo tu na kingo zinabaki laini, huo ndo wakati wa mawingu na miti ya mbali. Mng'ao ukiisha kabisa, gusa karatasi pembeni kwa mgongo wa kidole. Ikiwa ya baridi bado ina maji ndani hata kama inaonekana kavu, na hapo acha, usiguse, sababu ukiweka brashi yenye maji yale maji mapya yanasukuma pigmenti, yaani chembe za rangi, iliyokuwa imeanza kutulia na unapata doa lenye kingo za kuchanua kama ua, na kulifuta ni shida. Ikishaacha kuwa ya baridi, endelea na tabaka la pili. Mimi nilikuwa naharibu anga kila wiki nikidhani rangi zangu mbaya.

Kuhusu madarasa, chama kwa kawaida kina ya aina mbili, yale ya kila wiki kwa miezi kadhaa na warsha za siku mbili tatu na mwalimu mgeni. Kama unaanza nenda ya kila wiki, warsha ni tamu lakini zinakimbia sana, unatoka na picha nzuri moja ambayo nyumbani huwezi kuirudia. Uliza mwalimu anazungukia meza ya kila mtu au anachora tu mbele mnamfuata, mi naona wa kwanza ndo wa kulipia. Na orodha ya vifaa ukipewa, ukikosa pesa punguza rangi, usipunguze karatasi. Karatasi ya pamba asilimia 100, gramu 300 kwa mita mraba, isiyo na asidi, inavumilia kulowa na kufutwa na kulowa tena, ile rahisi ya nyuzi za mti inakauka kwa madoadoa na utajilaumu wewe wakati kosa si lako. Nunua shiti nzima ya sentimita 56 kwa 76 uikate mwenyewe, mara nyingi inakuwa nafuu kuliko daftari. Rangi sita au saba zinatosha kabisa.

Ila kwenye rangi soma kile kikodi kidogo cha herufi na namba kwenye tyubu, kinachotaja pigmenti iliyomo. PB29 ni ultramarini, ile bluu, PV19 ni kwinakridoni, ya waridi au zambarau, hizi zinavumilia mwanga. PR83, ile nyekundu ya alizarini ya zamani, inapauka, na zile pinki kali za kung'aa nyingi pia zinapauka. Hili si jambo dogo ukianza kuonyesha, sababu mtu akinunua picha yako ataitundika sebuleni miaka na miaka. Jaribu mwenyewe: paka michirizi ya rangi zako zote kwenye kipande cha karatasi, funika nusu kwa kadi nene, bandika dirishani linapopiga jua, uje ufunue baada ya miezi mitatu.

Sasa maonyesho. Tangazo la mwaliko likitoka, lisome mara mbili na kalamu mkononi, manake kazi nyingi zinatolewa nje kwa vitu ambavyo havihusiani na uchoraji kabisa. Angalia tarehe ya mwisho, kazi iwe ya ndani ya miaka mingapi, gwashi (rangi ya maji nzito isiyopitisha mwanga) na rangi za akriliki zinakubalika au la, ukubwa wa juu unaoruhusiwa ni wa picha au wa fremu. Na kuna kanuni moja utaikuta karibu kila mahali: kazi iliyochorwa darasani chini ya mwalimu hairuhusiwi, wala iliyonakiliwa kutoka kwenye foto ya mtu mwingine. Hii inaumiza watu wengi kwa sababu picha yao bora ndo ile ya warsha. Chukua ulichojifunza, nenda nyumbani, fanya yako kwa foto zako mwenyewe, au bora zaidi kwa michoro uliyochora nje kwenye zile siku chama kinapotoka pamoja kwenda kuchora. Anza kufikiria picha ya maonyesho miezi minne kabla, siyo wiki ya mwisho.

Ukishapata mbili tatu za kuchagua, peleka kwenye siku ya uhakiki, pale wanachama wanapoangaliana kazi. Weka kadi nyeupe yenye dirisha juu ya picha ionekane safi, alafu nyamaza. Usianze kueleza ulitaka kufanya nini, waache waseme wanachokiona, kisha uliza swali moja tu la uhakika, mfano jicho lako linaenda wapi kwanza? Watatu wakitaja kona ambayo hukuikusudia, una kazi ya kufanya. Nyumbani ipige foto, igeuze iwe nyeusi na nyeupe, ipunguze mpaka iwe ndogo kama stempu. Ikiwa bado inasomeka, giza na mwanga viko wapi unaona, basi ina nguvu. Jaji anapitia kazi nyingi sana kwenye skrini kwa muda mfupi, na ndivyo yako atakavyokutana nayo.

Foto ya kutuma ipige kabla hujaweka fremu, kioo kinaleta mwako. Nje kivulini au siku ya mawingu, picha imesimama wima, kamera sambamba nayo kabisa, sogea nyuma kidogo alafu vuta kwa zumu ili kingo zisipinde. Kata kila kitu kisicho picha. Usiongeze rangi kwenye simu, sababu kazi yenyewe itaonekana na isipofanana na foto wanaweza kuikataa mlangoni.

Fremu nayo. Niliwahi kukubaliwa kwa foto, nikafurahi wiki nzima, alafu siku ya kupokea kazi nikarudishwa kwa ajili ya kile kindoano chenye meno nyuma ya fremu. Nilibeba picha yangu nikarudi nayo, na iliniuma kwa muda mrefu, ingawa kanuni ilikuwa imeandikwa wazi. Kwa hiyo: pete mbili za umbo la D, moja kila upande, theluthi moja kutoka juu, na waya katikati ambao ukivutwa haufiki ukingo wa juu. Kadi ya kuzunguka picha iwe nyeupe au inayokaribia nyeupe, isiyo na asidi. Mbele maonyesho mengi yanataka plastiki angavu ya akriliki badala ya kioo kwa usalama, na isiguse picha. Karatasi yenyewe ishikwe juu tu kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga, sehemu nyingine iachwe huru, sababu karatasi inatanuka na kusinyaa na unyevu, ukiibana pande zote inajikunja. Tepu ya kawaida hapana, inageuka njano na kula karatasi.

Ukikataliwa, peleka ile ile kwingine. Kila maonyesho jaji ni mwingine, na picha iliyorudishwa huku imeshawahi kupata zawadi kule, nimeiona kwa macho yangu.

Na jitolee kusaidia siku ya kupokea na kutundika, hata kama kazi yako haikupita. Utashika fremu za watu mkononi, utaona nyuma zilivyofungwa, utaona kwanini picha tulivu haiwekwi karibu na inayopiga kelele. Jaji akizungumza mbele ya ukuta akieleza alichagua nini, simama karibu na uandike. Siku ya kuchukua kazi njoo na blanketi lako na kadi za kukinga kona nne, sababu fremu nyingi zinavunjika kwenye safari ya kurudi.